Njia Moja Ilibaki Wazi

Rafiki yangu fundi wa minara ya simu si mtu wa porojo, ndiyo maana hili bado linanisumbua.

Mchana mmoja alitumwa kuzima mnara wa zamani. Katika mitandao ile ya zamani, simu ikiwa na data ya kutuma, mnara huipa njia. Ikimaliza, njia hufungwa. Fundi husubiri njia zote zifungwe ndipo azime. Ndani ya kibanda kisicho na dirisha, kioo cha mtambo kilionyesha njia moja bado iko wazi. Namba ya simu iliyoishika aliijua: ya mwenzake aliyeanguka kutoka mnara huohuo akafa mwaka jana.

Bosi alikuwa nje, simu zao zote ziko garini.

"Bosi, kuna njia haijafungwa!"

"Mtambo unasema simu iko umbali gani?"

"Sifuri. Imo humu humu."

"Acha utani, bwana. Zima, utoke!"

Akazima. Giza totoro. Ndipo kiredio chake cha betri kikaanza kukoroma, drr-dr-dr-drr, kama kinavyofanya simu inapotuma karibu yake. Lakini mnara ulishakufa. Hapakuwa na wa kuipa njia.

Kikakoroma muda mrefu, kisha kikanyamaza, kama kinavyonyamaza ujumbe ukishapokelewa upande wa pili.