Mtungi Usiotoa Jasho

Mashine yenyewe waliiita mkazavifungo. Haikuwa kubwa kuliko jiko la mkaa, lakini nusu ya mji wa Tanga ilikuwa imeshapita chini ya taa yake: nguzo za madaraja, vioo, sufuria, hata mabawa ya vyombo vya angani. Taa ikiwaka, atomi zilizoshikana ovyo husogezwa na kufungwa upya, kila moja na jirani zake, barabara. Makaa na almasi ni atomi zilezile za kaboni; tofauti yao ni namna zilivyoshikana tu. Ramla, fundi wa mashine hiyo, alishamweleza mamake hayo mpaka akachoka.

"Na Jumatatu unautia mguu wako humo," alisema Bi Mwanakombo.

"Mfupa tu, mama. Hautavunjika tena maisha."

"Nani katiwa kabla yako?"

"Mimi ndiye wa kwanza."

"Kwani hao wakubwa zako hawana miguu?"

Ramla alicheka. Mguu ule ulishavunjika mara mbili, na kuchechemea kulikuwa kumemchosha. Ili kumtuliza mama, akauchukua mtungi wa marehemu bibi, uliokuwa na ufa shingoni, akaenda nao kazini. Ulirudi mzima. Akaupiga nyundo mbele ya mamake, nyundo ikaruka.

"Umeona?"

Bi Mwanakombo aliupokea mtungi. Alitia ubani kwenye kaa la moto, akaufudikiza mtungi juu ya moshi kama mama yake alivyokuwa akifanya, kisha akaujaza maji na kuuweka dirishani penye upepo. Alikuwa akiyaona yale ya zamani: udongo ukilowa jasho kwa nje, nao watoto wametoka chuoni wanagombania kata ya kuchotea, na bibi anawafokea, "Taratibu, mtaninywea hata mtungi!"

Alasiri Ramla aliingia na kiu. Akachota, akanywa, akasita.

"Mama, mbona ya moto?"

"Ndiyo ya mtungini hayo."

"Na ubani hukufukiza? Hata hayanukii."

"Nimefukiza mpaka machozi yamenitoka."

Ramla akaupapasa mtungi. Mkavu. Udongo uliochomwa una vitundu. Maji hupenya humo, yakakauka nje na kuondoka na joto. Humo pia ndimo unamokaa moshi wa ubani. Sasa hapakuwa na kitundu hata kimoja.

"Basi urudishe ulivyokuwa."

"Nikivilegeza vifungo, mama, utakuwa unga."

Mkono wa Ramla ukashuka wenyewe hadi kwenye muundi wa mguu wake mbovu.

"Mfupa nao una vitundu," alisema polepole. "Damu hupita humo. Nyingine hutengenezwa humohumo."

Akatoa simu, akawaambia wakubwa zake Jumatatu mguu hautiwi.

Bi Mwanakombo alichota kata yake, akayanywa maji yale ya moto yote, kama anayemaliza dawa.

"Afadhali umekuwa wewe," aliuambia mtungi. Kisha, kwa mazoea, akaufuta ubavuni kwa ncha ya kanga. Kanga ikatoka kavu.