Majaribio Yaliyotupwa

Maiti ya Dakta Celestin ililala kifudifudi kwenye mfereji wa shamba la mpunga kijijini Mwamkulu, kisogo kimepasuka. Kando yake, kwenye tope la mvua za Desemba 1998, tairi la baiskeli lilikuwa limeacha alama ya mshono wa uzi mnene.

Inspekta Damiano aliagiza alama ipigwe picha, kisha akaenda kwa mjane.

"Alikuwa na ugomvi na nani, mama?"

"Na Isidori, rafiki yake tangu shule. Wote wamekuja likizo," alisema Spès. "Huko Ulaya wanatengeneza kompyuta za aina mpya, za kwanta. Mume wangu alipewa kazi ya kupima mashine ya kina Isidori na ya wapinzani wao kwa swali moja, jibu ndiyo au hapana. Isidori alikuwa anahesabu majaribio yaliyofaulu, mengine anayatupa. Mume wangu akayarudisha yote kwenye hesabu. Juzi wamezozana hapa mezani mpaka chakula kikapoa."

Isidori alifika kituoni amejiandaa.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Mjini, Makanyagio, afande. Muulize muuza chai. Muulize fundi cherehani. Muulize katekista."

Wote watatu walikiri kumwona. Lakini kati ya cherehani na ibada palibaki pengo. Damiano akapita Makanyagio kibanda kwa kibanda, akawauliza hata wasiotajwa. Makoye, mkodisha baiskeli, aliangua kicheko.

"Yule wa Ulaya? Nilimpa ile mbovu, tairi nimelishona mwenyewe. Kairudisha ina tope mpaka kwenye tandiko. Na spana yangu kubwa kaila!"

Spana iliopolewa mferejini. Damiano aliiweka mezani mbele ya Isidori, pamoja na picha.

"Mashahidi umewachagua kama majaribio yako. Wanaokufaa tu. Mimi nimewauliza wote."

Isidori aliisukuma spana kando.

"Ukihesabu yote, mashine yangu inapata sita kwa kumi," alisema. "Kurusha sarafu ni tano. Ujana wangu wote uko mle, afande! Nilimfuata shambani nimbembeleze asitangaze matokeo. Akasema kipimo ni kipimo, akanigeuzia mgongo. Nikampiga."

"Ya wapinzani ilipata ngapi?"

"Alikataa kuniambia kabla ya siku ya kutangaza."

Spès, aliyekuja kusaini maelezo yake, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeji..." Isidori alianza.

"Usiniite shemeji. Mimi aliniambia. Ilipata tano. Alifurahi, akasema walau mtu wa kwetu ameishinda sarafu."