Mlango Uliopigwa Randa Siku Nane

"Huu mlango ulipouanza ulikuwa na upana gani?" mshonaji aliuliza, vidole viwili akiwa amevipenyeza kati ya mlango na fremu.

Mumewe seremala alikuwa amepiga magoti akiokota misumari. "Ulikuwa unatosha."

"Na sasa?"

"Nimezidisha randa kidogo."

Kidogo, eti! Ulikuwa mlango wa chumba chao cha kulala, na sasa hata ukiufunga, paka angepita bila kukunja mkia. Wote waliomfahamu fundi huyu walijua tabia yake: akikasirika hasemi, anapiga randa. Mwaka jana alikorofishana na kaka yake, na ubao uliokusudiwa kuwa meza ukaishia kuwa kibao cha kukatia vitunguu.

Safari hii ilikuwa siku ya nane. Alisalimia, alikula, alishukuru, kisha akarudi karakana. Mkewe alimuuliza kila siku, akajibiwa kwamba yuko sawa. Mwishowe alimpigia wifi yake, naye akamwambia amwache tu, yatapita, kwani hata baba yao alikuwa hivyo hivyo na mama yao alizoea.

Neno hilo ndilo lililomtisha. Alimpenda mumewe, lakini hakutaka kuzeeka akibahatisha kosa lake. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga begi, na dada yake mkubwa alikuwa akimsubiri nyumbani kwake.

"Mume wangu, sikufokei," alisema taratibu. "Mdomo ninao, unajua. Nakuuliza mara ya mwisho. Nimekukosea nini?"

"Niko sawa."

Akabeba begi, akatoka. Alikuwa ameshuka ngazi moja ya barazani simu ilipoita. Jina lilikuwa la mumewe, aliyekuwa ndani, hatua kumi tu nyuma yake.

"Usigeuke," sauti ilisema. "Nikikuona usoni nitashindwa."

Akasimama.

"Ile kazi ya madawati niliyonyimwa, nilikuambia wewe peke yako. Wiki iliyopita shemeji, kaka yako, akaja karakana, akanipa pole mbele ya wateja wangu. Mbele yao, mke wangu. Niliona aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Nimekasirika. Mpaka sasa hivi nimekasirika."

Mshonaji aliwaza kujitetea, kwamba alimwambia kaka yake ili amtafutie mumewe kazi nyingine. Maneno yalifika kwenye ulimi, akayameza.

"Nimekukosea," alisema. "Siri ilikuwa yako, sikupaswa kuitoa. Nisamehe."

"Kuna na mengine."

"Sema."

Aliketi juu ya begi, akasikiliza. Kumbe mengine yalikuwa mengi! Kuna siku alimcheka akikata tai ya harusi kwa msumeno, ilipokataa kufunguka. Kuna kumjibia watu wakimuuliza yeye swali. Kuna la tangu wakiwa wachumba, ambalo hata hakulikumbuka. Mengine aliyakubali, mengine akayabishia, naye fundi akambishia pia, sauti ikapanda kidogo bila mtu kufa. Katikati ya hayo mlango wa mbele ukafunguka, fundi akatoka huku bado anaongea kwenye simu, akaketi ngazini kando yake. Macho yalikuwa mekundu. Ndipo alipokata simu, akaendelea kulalamika ana kwa ana.

Mshonaji alimtazama, akamwonea huruma na kumpenda kwa pamoja. Siku zote nane alikuwa akimsubiri mtu huyu.

Simu yake ikaita tena. Alikuwa dada.

"Mbona hufiki? Chumba nimeshafagia."

"Mume wangu ananigombeza, dada."

"Masikini. Nije nikuchukue?"

"Usije," akasema, akimsogelea mumewe. "Hajamaliza."