Wazee Waliokuja Kitale Polepole

Edah alikuwa fundi cherehani mjini Kitale. Kila asubuhi alifungua kibanda chake, akatandaza kitambaa mezani, akaanza kukata. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watu walisema Edah anaweza kushona sare ya shule huku anasonga ugali, na hawakukosea sana.

Wepesi huo ndio uliomponza wazazi wake walipokuja kumtembelea.

Mzee Wanjala na Mama Nabwile walikuwa wakulima kule Myanga, upande wa Bungoma. Edah aliwaalika mwezi wa Aprili, mwaka 2006. Kwa mila zao, mama na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Kwa hiyo wazee hawangeweza kulala kwa Edah na mumewe, Hillary. Edah akapanga waje na warudi siku hiyo hiyo. Kwa saa sita aliwapeleka sokoni, kanisani, kwa mpiga picha, na kwa jamaa watatu. Kila jamaa alichinja kuku, na kila kuku ilibidi aliwe.

Kwenye ngazi za nyumba ya tatu, Mama Nabwile alishika ukuta.

"Edah, naona dunia inazunguka," alisema, kisha akaanguka.

Alilazwa hospitalini siku tatu, akitiwa maji kwenye mshipa. Siku ya kutoka, Mzee Wanjala alivaa kofia yake ya kijivu. Kofia hiyo haikumtoka kichwani ila kanisani na kitandani.

"Mji tumeuona," alisema. "Haturudi tena."

Mzee Wanjala hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Edah alilia wiki nzima. Alitaka wazazi wafurahi, na nusura ampoteze mama.

Jirani yake, Jelagat, alikuwa muuguzi mstaafu, mzaliwa wa mlima Masaba, ulio kati ya Kitale na Myanga. Siku moja alikuja kibandani kuchukua gauni lake, akamkuta Edah macho yamevimba. Edah akamweleza yote.

"Siku hiyo mama alikunywa maji?" Jelagat aliuliza.

"Alikataa. Hata soda alikataa."

"Na dawa ya presha alimeza?"

Edah hakujua. Alipiga simu ya kaka yake Kizito, kule Myanga, akaomba kuongea na mama.

"Mama, ile siku ya safari ulimeza dawa?"

Mama Nabwile alishusha sauti. "Si hiyo dawa inanipeleka choo kila mara? Nitameza aje na niko kwa gari? Niambie dereva, kijana kama mjukuu wangu, asimamishe gari ati nataka choo? Hiyo aibu sitaki. Hata maji niliacha tangu jana yake."

Edah alipomsimulia, Jelagat hakucheka. "Wazee wengi hufanya hivyo," alisema. "Lakini mwili wa mzee ukikosa maji, kichwa kinazunguka, anaanguka. Na dawa ya presha haiachwi hivi hivi. Mama aulize daktari wa kliniki, siku ya safari ameze saa ngapi. Lakini na wewe, ulimwonyesha choo kiko wapi?"

"Hapana."

"Uliwauliza wanataka kuona nini?"

Edah aliinamisha kichwa. Alikuwa amewauliza jamaa, mpiga picha, hata mchungaji. Wazee wenyewe hakuwauliza.

"Umewakata kama kitambaa, bana," Jelagat alisema, akamshika bega. "Wape siku tatu. Kitu kimoja kwa siku kinatosha. Wakila mchana, walale. Na si kuna nyumba ya wageni ya kanisa hapo nyuma? Chukua chumba cha chini, kisicho na ngazi, chenye choo ndani. Hapo mila yenu haijavunjwa, na wazee wamepumzika."

Edah alipiga simu tena, safari hii kuuliza.

"Mimi nataka kulala mpaka jua lipande," Mama Nabwile alisema, "na hakuna ng'ombe ananiita."

Mzee Wanjala akachukua simu. "Huu mlima tunauona kutoka huku kwetu siku zote. Ningependa kuona ule upande wake mwingine. Lakini nilisema haturudi."

"Baba, mara moja tu. Mkichoka, nitawarudisha mimi mwenyewe, na sitawaita tena."

Mzee aliguna. Edah alijua hana nafasi nyingine.

Walikuja Agosti. Daktari alikuwa amemwambia mama ameze dawa mara tu afikapo, wala asiiruke. Edah aliwapokea Kimilili, katikati ya njia. Hapo walishuka, wakaonyeshwa choo, wakanywa chai na maji, wakapumzika saa nzima kabla ya kupanda gari jingine. Walipofika Kitale, mama alimeza dawa yake. Hillary aliwasalimu akiwa mbali, kama ipasavyo kwa wakwe, akaacha ndizi mbivu mlangoni, akaenda zake. Siku hiyo hawakufanya lingine.

Asubuhi ya pili, Edah alipeleka uji. Jua lilikuwa juu, na mama alikuwa bado kitandani, macho wazi, anatabasamu.

"Ng'ombe hakuna," alisema.

Tangu azaliwe, Edah hakuwahi kumwona mama yake amelala jua likiwa juu. Alisimama na uji wake mlangoni, ameduwaa.

Jioni mvua ilikatika. Nyuma ya nyumba ya wageni palikuwa na benchi. Wazee waliketi, na Edah akasimama kando yao. Mawingu yalifunguka, mlima ukatokea wote, mpana, wa buluu. Kisha jua likaanza kushuka juu yake, likazama ndani yake taratibu.

Mzee Wanjala alivua kofia.

"Miaka sabini na nne," alisema. "Kule kwetu jua linalala upande mwingine, mlima unabaki peke yake. Sikujua jua linaweza kuingia ndani ya Masaba."

Edah alipita hapo kila siku na vitambaa begani, na hakuwahi kusimama. Moyo wake ulijaa, akajiona mdogo mbele ya Mungu, na akafurahi kuwa mdogo.

"Edah, nipe maji," mama alisema. Alimaliza bilauri nzima. Baadaye aliinuka. "Naenda choo," alisema mbele ya wote, kama mtu anayesema anaenda shambani. Akaenda mwenyewe, kwa kuwa njia aliijua.

Siku ya tatu, saa ya kuondoka, Mzee Wanjala alitoka kichwa wazi. Alimpa Edah kofia.

"Niwekee hiyo," alisema.

"Baba, na jua la njiani?"

"Niwekee. Nitaikuta."

Edah aliitundika kibandani, kwenye msumari juu ya cherehani. Wateja walitaka kuinunua, akakataa.

Desemba, mwenyewe aliikuta hapo hapo.