Barua ya Kumkatalia Mwanangu Ilitoka Dukani Kwangu

Barua ilikuwa na jina langu. Ilikuwa na sahihi yangu. Na sikuwahi kuiandika.

"Mimi mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa hapo juu simruhusu binti yangu kuhudhuria siku ya wazi ya chuo kikuu..."

Nilikuwa nimeishika mbele ya mashine ya kopi. Mashine inanguruma, na mwalimu wa darasa la mwisho amesimama upande wa pili wa kaunta, anasubiri.

"Nakala mbili, Mama Kopi."

Nikamtolea nakala mbili.

Ndugu zangu, humu dukani nimetoa kopi za hati za talaka. Nimetoa kopi za barua za kufukuzwa kazi huku mwenye barua analia pembeni. Sijawahi kuharibu hata karatasi moja. Siku ile hiyo karatasi moja niliiweka kichwa chini miguu juu.

Ngoja niwaeleze nilivyofika hapo.

Nina duka la kopi na uchapaji, linatazamana na geti la shule. Chumba kimoja, kompyuta mbili: moja inafanya kazi, ya pili inashikilia kikombe changu. Naandikia watu barua za kuomba kazi, za kuacha kazi, za kumbembeleza mwenye nyumba. Jina la Mama Kopi wamenipa kwa sababu ya mashine, na kwa sababu binti yangu tumefanana mpaka masikio.

Tupo wawili tu. Baba yake ni dereva wa magari ya masafa marefu. Kuna safari moja aliyokwenda, huu mwaka wa kumi na moja hajafika. Nasikia njiani amepata mke na watoto wawili. Hilo nimeshalilia likaisha, sasa nalichekea.

Binti namwita Mheshimiwa, maana akianza kubishana hata spika wa bunge anakaa chini. Tangu mdogo anapima kila kitu. Chumba chetu alikipima kwa hatua, akanitangazia kuwa kitanda kimekaa upande. Kweli, kilikuwa kimekaa upande.

Anataka kusomea upimaji ardhi. Chuo chenyewe kiko mbali, saa sita kwa basi. Kozi inachukua watu arobaini, na usaili wake unafanyika siku hiyo hiyo ya wazi. Usipofika, unasubiri mwaka mwingine. Shule ikakodi basi: kuondoka Ijumaa mchana, kulala huko, Jumamosi wanafunzi na wazazi wanatembezwa chuo kizima.

Mimi nilijiandaa wiki tatu! Niliandika maswali kumi na saba ya kuwauliza wahadhiri, nikayachapa, nikayavalisha plastiki ngumu kama kitambulisho. Swali la tisa lilihusu maji ya moto bwenini. Swali la kumi na nne: mzazi anaruhusiwa kumtembelea mwanawe mara ngapi kwa wiki?

Kwa wiki. Chuo kiko saa sita.

Basi Jumatano ile ndiyo mwalimu akaja na barua. Ni mgeni pale shuleni, hakuwa amejua Mheshimiwa ni wangu. Akaweka kidole chini kabisa ya karatasi.

"Kumbe imechapwa hapa hapa kwako. Basi mzazi huyu utakuwa unamjua."

Kila karatasi inayotoka kwenye kompyuta yangu ina maandishi madogo chini: Barua safi, kwa Mama Kopi, mkabala na geti la shule. Ni tangazo la bure, nililiweka mwenyewe. Mheshimiwa alikuwa ameigiza sahihi ya mama yake mpaka kile kimkia cha mwisho, halafu akasahau kufuta tangazo.

"Namjua kidogo," nikasema.

"Mwambie anamfungia mtoto mlango. Hesabu, shule nzima hana wa kumfikia. Orodha ya wanaokwenda naituma leo. Saa kumi na moja nitapita unichapie."

Akaondoka. Nikabaki na mashine.

Wapendwa, mawazo yaliyonijia sitaki hata kuyaandika yote. La kwanza: ananionea aibu. Mama wa kopi, vidole vyeusi kwa wino, ataanzaje kunitembeza mbele ya wahadhiri? La pili: ana mwanaume, hataki kwenda mbali naye. La tatu: yote mawili.

Nikashika simu nimtafute mtu wa kumwambia. Nikapitisha majina. Fundi wa mashine. Muuza karatasi. Mwenye nyumba. Fundi mwingine wa mashine...

Nilifika mwisho wa orodha, nikarudi juu, nikashuka tena. Mtu pekee ambaye huwa namwambia mambo yangu yote alikuwa yuleyule niliyetaka kumsema.

Nikaiweka simu chini, nikafuta vumbi kwenye kompyuta ya kikombe.

Saa kumi akaingia na begi lake mgongoni, akaanza kunisimulia habari za mwenzake aliyelala darasani. Nikamwekea barua juu ya kaunta.

Akaitazama. Macho yakashuka mpaka chini, kwenye tangazo. Nikamwona kabisa anavyojilaumu.

Nikaanza na utani, ndiyo silaha yangu. Nikamwambia kazi nzuri, sahihi imetulia, nitamwajiri. Hakucheka. Nikamuuliza kama ni mwanaume. Akatikisa kichwa. Nikamuuliza kama ananionea aibu.

"Mama, hapana. Mama, usiseme hivyo."

"Sasa nini?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Akawa anakunja kona ya barua, anakunjua, anakunja.

Ndipo akanikumbusha mwaka jana, walipokwenda mashindano ya hesabu wiki nzima. Walirudi siku moja kabla. Aliingia nyumbani jioni bila kupiga hodi, anitishe kidogo.

"Nikakukuta mezani, umepakua sahani mbili. Unaisimulia ile nyingine habari za wateja. Nikatoka nje, nikangoja, nikapiga hodi. Ulipofungua ilibaki sahani moja."

Sikujua. Mwaka mzima mtoto ametembea na kitu kile, mimi sijui.

Akaendelea. Akasema kila mteja anayeingia namwambia huyu akienda chuo mje mnizike. Watu wanacheka, mimi nacheka.

"Wao hawajui ukiwa unatania na ukiwa hutanii. Mimi najua."

Mpango wake alishaukamilisha. Mtaa wa pili kuna chuo kidogo cha ukarani. Angesoma pale, jioni angenisaidia dukani. Barua ingenionyesha mimi kuwa mkali, walimu wasimsumbue. Mimi angeniambia nafasi za basi zimejaa. Alipima kila kona, kama kawaida yake.

Nilipaswa kumkumbatia. Nilipaswa kufurahi. Na nitawaambia ukweli kwa sababu hamnijui: nilifurahi. Sekunde kumi hivi. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki, yeye kwenye kile kiti, hakuna jioni ya peke yangu hata moja.

Halafu nikamwona mtu mwingine kwenye kile kiti.

Nikafunga mlango wa duka nusu.

Mnajua, siku zote nimemwambia mimi nilifeli. Ni hadithi yangu maarufu, kwamba nilifeli vibaya mpaka msahihishaji akaomba likizo. Wateja wanaipenda sana.

"Sikufeli," nikamwambia.

Akainua macho.

"Niliitwa chuo cha ualimu. Bibi yako alikuwa amefiwa na babu yako mwaka uleule. Hakunikataza. Alikuwa anapika tu, anautazama mlango. Barua ya kuitwa nikaichana, nikamwambia nimekosa nafasi."

"Mama..."

"Nimekaa naye miaka tisa. Kila siku ya miaka hiyo kulikuwa na dakika moja namchukia. Chakula nampa, maji ya kuoga namchotea, na ninamchukia. Amekufa hajui kwa nini nilikuwa namjibu kwa mkato."

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Baba yake hajui. Padri hajui.

Mheshimiwa akaiachia ile barua. Halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Na mimi ningekuchukia?"

"Si mwaka wa kwanza."

Akalia. Nami nikalia. Mteja akachungulia mlangoni na kitambulisho chake mkononi, akaona hali, akarudi alikotoka.

Saa kumi na moja mwalimu akafika. Nikamwambia ukweli wote, kwamba mzazi mkatili ni mimi na barua ni ya mtoto. Nikajitayarisha kutukanwa. Akavua miwani, akaifuta, akasema yeye pia ana mama, na wala hakueleza zaidi. Akafungua orodha.

Kumbe mambo hayajaisha. Zile nafasi zetu mbili, asubuhi alishazigawa. Akahesabu viti mara mbili. Mwanafunzi mmoja angembana mbele, karibu na dereva. Mzazi, hapana.

Mheshimiwa akanigeukia. "Basi siendi. Tulisema tutaenda wote."

Na mimi, jamani, ile safari nilikuwa naitaka! Wiki tatu nilikuwa nalala nikiiwaza. Nilitaka nitembee naye pale, nilione dirisha la chumba atakacholala, ili nikibaki huku niwe na kitu cha kuwaza.

Nikavuta kibodi. Nikaandika jina lake kwenye orodha. Kwenye safu ya mzazi nikaandika: hatakuwepo. Nikachapa, nikatia sahihi yangu ya kweli.

"Utaenda," nikamwambia. "Na ukifika usinitafute kwenye kila kona."

Ijumaa mchana basi likaondoka. Alikaa mbele kwa dereva, magoti yamebanwa. Nilipunga mkono mpaka likakata kona, halafu nikaendelea kupunga kidogo, maana sikujua mkono niupeleke wapi.

Jumamosi nikafungua duka mapema. Saa nne simu ikaita.

"Mama! Wana chombo cha kupimia, unaona mti wa mlima wa pili kama uko hapa! Usaili ni saa saba. Ngoja, naitwa, nakupigia baadaye!"

Saa saba ikapita. Saa tisa. Wateja walikuwa wachache. Niliiweka simu kwenye kaunta, uso juu. Saa kumi na moja bado.

Hakupiga. Si kwamba chaji iliisha, wala hakupatwa na baya. Alisahau, mwenyewe alikiri aliporudi. Alikuwa na watu, alikuwa na vitu vya kupima, mama yake akamtoka akilini siku nzima. Tangu azaliwe haijawahi kutokea.

Iliniuma. Hilo sitawadanganya.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, hasa wewe mchekeshaji kama mimi: mtoto anausikia upweke wako hata ukiufunga ndani ya utani. Hutamwomba abaki. Hutasema neno. Atabaki mwenyewe, na wote wawili mtalipa taratibu. Tafuta watu wako, mwache aende.

Jioni ile nilifunga duka, nikasimama nje na funguo mkononi. Kushoto ni nyumbani. Kulia ni saluni ya msusi. Miaka sita tunapakana, zaidi ya salamu hatujawahi kukaa. Alikuwa peke yake, anafagia nywele.

Nikaenda kulia.

"Jirani," nikamwambia, "nina kitu kimoja nataka nikusimulie. Una nafasi?"

Akanisogezea kiti.