Sindano Niachie Mimi

"Toa mkono."

Nilimwambia mwalimu wangu mbele ya mgonjwa, mama mtu mzima aliyejaa maji kifuani. Mama akageuza shingo.

"Kwani daktari hapa ni nani? Wewe au yeye?"

"Ni mimi, mama."

Tangu nianze mafunzo ya udaktari wodini, huyu daktari aliyepewa kunifundisha hajaniacha nimalize kitu. Nikisita kidogo tu na sindano, ananipokonya. Wenzangu wananicheka eti natafuniwa, nangoja kumeza. Nilijua ananipenda, na hata mimi nilikuwa hoi kwake. Lakini jana daktari mkuu alisema peupe: nisipotoa maji haya mwenyewe, narudia mafunzo yote.

"Utamuumiza," alininong'oneza.

"Nikimuumiza nitamwomba radhi. Weka mikono nyuma."

Akaiweka. Nikapapasa mbavu, nikachoma ganzi, nikasubiri, nikaingiza sindano. Patupu! Mwalimu wangu alikuwa akivuja jasho kuliko mgonjwa, lakini hakusogea. Nikaielekeza upya taratibu, maji ya manjano yakaanza kuja.

"Pole, mama."

"Pole ya nini, mwanangu? Mpe huyo mwenzio, anataka kuzimia."

Daktari mkuu alikuwa mlangoni anatazama. "Umefaulu," akasema, akaenda zake.

Nilitembea kifua mbele mpaka mchana, ujumbe wa mwalimu wangu ulipoingia kwenye simu:

"Nimemwomba mkuu akupe mwalimu mwingine. Amekubali."

Hasira zikanipanda. Nikampigia palepale, katikati ya korido.

"Yaani nimefaulu ndiyo unanitupa?"

"Sikutupi."

"Basi nimekuaibisha?"

"Mimi ndiye niliyejiaibisha. Nilidhani nakulinda, kumbe nakunyima kazi yako. Leo ulivyoniambia toa mkono, nimekuona daktari kamili."

"Na mwalimu mwingine wa nini?"

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Siwezi kukutungia mtihani huku nataka kukuoa. Na najua utasema ni mapema, na mama yako atasema..."

"Wewe! Mama yangu umempigia?"

"Hapana."

"Mimi nimeshakujibu?"

"Hapana."

"Basi uliza, halafu unyamaze."

Akauliza. Nikachelewa makusudi, nione kama ataweza kusubiri. Akasubiri, maskini, simu nzima haikutoa hata kikohozi.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti, na wauguzi wote koridoni wakageuka.