Kiputo Ndani ya Kipande

Jumanne asubuhi kibiriti kilikataa kuwaka. Bibi alipiga njiti ya kwanza, ya pili, akafika ya saba, na kila moja ilikwaruza, ikatoa harufu kama ya kitunguu saumu, ikanyamaza. Kibiriti kipya kutoka dukani kikafanya vilevile. Akaenda kwa jirani kuomba moto. Mshumaa uliwaka vizuri tu, akaubeba akiukinga kwa kiganja kama anayebeba kifaranga, lakini alipokanyaga kizingiti cha nyumba yao ukazimika. Hapakuwa na upepo. Binti yake naye akajaribu njiti, ikanyamaza.

"Umesoma mpaka nywele zimeanza kukukimbia," alimwambia binti yake, "na kibiriti kimekushinda."

Binti yake, aliyekuwa mkemia, alicheka kidogo, maana nguvu za kucheka sana hakuwa nazo. Akamnywesha mtoto wake maziwa ya baridi, akaenda kazini.

Kazini walimwita Mama Gundi. Kwa miaka minane alikuwa akitafuta epoksi ya aina moja tu, ile gundi nzito ambayo ukiichanganya na kigumishi inashikana ndani kwa ndani kama nyavu, na ikishaganda haiyeyuki tena. Alitaka isishike moto na isivunjike. Ili isishike moto aliingiza fosforasi katika nyuzi za wavu huo. Lakini kila mchanganyiko uliokataa moto ulivunjika kama biskuti, na kila uliokuwa imara uliwaka kama karatasi. Ilikuwa kama kulala na shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.

Wiki iliyotangulia alikuwa amefanikiwa, na alifanikiwa siku aliyokosea. Kabla ya kumwaga mchanganyiko kwenye kalibu ya kuupa umbo ni lazima uwekwe kwenye pampu inayovuta hewa, ili viputo vyote vitoke. Siku hiyo mtoto alikuwa amekohoa usiku kucha siku mbili mfululizo, mama hajalala, macho yanawasha. Akajiambia mara moja haina neno. Akamwaga bila pampu. Kipande kilipotoka kwenye tanuri kilikuwa kikubwa kama kiganja, rangi ya asali, na katikati kimekaa kiputo kama punje ya mchele. Akakishika juu ya kichomeo. Moto ukakikwepa. Akakipiga nyundo, nyundo ikaruka.

Sheria ya maabara ni kwamba kila mmwago huachiwa kipande kidogo cha ushahidi, kifungiwe kabatini. Naye akakiacha, ukubwa wa kifungo cha koti. Nacho kilikuwa na kiputo chake, chembe ya ufuta. Hakukijali. Kile kikubwa alikibeba nyumbani, kwa sababu kwa miaka minane hakuwahi kuwa na kitu cha kuwaonyesha. Mtoto wake, ambaye kwa kupanda panda walimwita Tumbili, alikipenda akalala nacho chini ya mto.

Jumatano Tumbili hakupanda popote. Alikaa kitini na sweta mbili, vidole vimepoa kama vijiko. Daktari alimpima, akamwambia mama kwa upole kwamba haoni ugonjwa, ila joto la mwili linashuka, na likiendelea hivyo hadi mwisho wa wiki watamlaza. Hakutaka malipo. Akavua skafu yake mwenyewe akamfunga mtoto shingoni.

Jioni, mama alipokuwa akimsugua miguu, akasikia kitu. Tik. Tik tik. Kama ukucha juu ya kioo.

"Anagonga," alisema Tumbili kwa sauti ndogo.

"Nani, mwanangu?"

"Wa ndani. Anasikia baridi, ndiyo maana anachukua yangu."

Mama aliinua mto, na kile kipande alichokigandisha kwa mikono yake, kitu ambacho hakuna joto wala ujanja ungeweza kukilainisha tena, kilikuwa na kiputo kikubwa kama yai la njiwa, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachozunguka, kinazunguka polepole kama mnyama aliyefungwa siku nyingi akasahau kuchoka, na kilipofika upande wake kikasimama, naye akajua, ingawa hakuona jicho, kwamba kinamtazama.

Asubuhi alikipeleka kwa Fundi Vioo, mzee aliyepuliza chupa za maabara chumba cha pili, ambaye kila siku alimwachia nusu ya chai ya chupa yake bila kuulizwa. Mzee alikitazama kwa muda, hakukigusa.

"Siku ile ulipomwaga, moto wangu uliinama," alisema. "Ulilala upande wako, kama nywele. Nikadhani ni mlango uko wazi."

Akamweleza taratibu. Majini wameumbwa kwa moto usio na moshi, hilo hata watoto wanajua. Huenda mmoja alikuwa akipita zake, akalifuata joto la mchanganyiko, akakaa humo kama mtu anavyoota jua. Pampu ingemtoa. Pampu haikuwashwa, na gundi ikaganda juu yake.

Mama Gundi alikaa kwenye kiti. Ndipo alipoelewa kwa nini majaribio matatu aliyoyafanya tena Jumatatu, kwa kanuni ileile na pampu ikinguruma, yote yaliwaka kama karatasi. Fosforasi yake haikuwa imefanya kitu. Moto ulikuwa ukimkwepa mwenzake. Na Ijumaa wakuu walikuwa wanakuja kukiona kipande hicho, waamue kama benchi lake la utafiti libaki au lifungwe.

"Tukikitoboa sina cha kuwaonyesha," alisema.

"Binti yangu," alisema mzee, "aliyefungwa hafukuzwi. Anafunguliwa."

Wakakibana kwenye jiliwa. Keekee ya kwanza ya kutobolea ilikatika, ya pili ikakatika, na mzee akanong'ona kwamba leo ndiyo anaamini ni gundi imara. Alipoweka ya tatu, taa zote zikafifia, harufu ya kitunguu saumu ikajaa hadi machozi yakawatoka, na kule kugonga kwa ndani kukaenda kasi, tik tik tik tik, kasi ya moyo wa mtoto mwenye hofu, huku chuma kikishuka unywele kwa unywele, na mama akajikuta anaongea na kipande kama anavyoongea na Tumbili akiota vibaya, akisema nisamehe, sikukusudia, nilikuwa nimechoka tu.

Keekee ikazama. Ulimi wa moto ukatoka tunduni, bila moshi, bila sauti, mrefu kama mtu. Ukasimama mbele yake. Kisha ukapitia kichomeo cha mzee, kikajiwasha chenyewe, ukaenda.

Simu ikaita. Bibi alisema jiko limewaka lenyewe, na Tumbili yuko juu ya kabati.

Jioni nyumba ilikuwa na joto. Mama alimbeba mtoto, shavu kwa shavu, na shavu lilikuwa la moto kama mkate. Hakuwaambia kwamba kabla ya kutoka kazini alifungua kabati akakichukua kile kipande cha ushahidi, akakijaribu kwenye kichomeo. Moto ulikikwepa. Kilikuwa mkobani sasa, kimefungwa kwa kitambaa, kwa ajili ya kesho. Kidogo, lakini kingetosha kuliokoa benchi.

"Amesema ahsante," alisema Tumbili, akisinzia.

"Vizuri, mwanangu."

"Lakini analia. Yuko nje ya dirisha hapo. Anasema mmemtoa yeye, mtoto wake mmembakiza."

Bibi alikuwa akiosha vikombe, maji yakachuruzika, yakaacha. Katika ule ukimya, kutoka mkobani, sauti ikasikika, nyembamba kuliko ile ya kwanza, ya ukucha ambao bado haujakomaa. Tik.

Alimlaza mtoto wake, akamfunika hadi kidevuni. Akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama anayesubiri mtu mwingine ainuke badala yake.

Kisha akampigia mzee simu, akamwomba asiifunge karakana yake, akaanza kutafuta viatu vyake.